"Nimeandikiwa panadol tu": jibu kwa mama wa Lamu aliyevimba utumbo

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 56, mkaazi wa Langoni, Lamu. Majuma mawili yaliyopita nilishikwa na maumivu chini ya kitovu upande wa kushoto, yakakaa palepale usiku kucha, na joto kidogo mwilini. Jirani akasema ni mchango, nikakandwa. Asubuhi nikapita duka la dawa, nikadungwa sindano ya maumivu na kupewa Flagyl. Siku ya tatu wanangu wakanivusha Mokowe, tukaenda Mombasa. Nikatolewa damu, nikapigwa picha ya CT, nikaambiwa nina vifuko kwenye utumbo mpana na kimoja kimevimba, lakini ni jambo dogo. Basi nikaandikiwa panadol, ninywe vitu vyepesi, nirudi nyumbani! Hata antibayotiki sikupewa, na ile Flagyl nikaambiwa niache. Safari yote ile, pesa zote zile. Je, nilipuuzwa? Sasa maumivu yamepungua sana ila naogopa kula. Naambiwa nisiguse njugu, ufuta wala mapera kwa sababu ya mbegu. Na Ramadhani nifunge?

JIBU: Waalaykumu salaam, mama, na pole kwa yaliyokupata. Niseme mapema ili mengine uyasome umetulia: kwa maelezo yako, hukupuuzwa. Aliyekuona Mombasa alihakikisha kwanza kwamba ugonjwa ni mdogo, kisha akathubutu kukurudisha nyumbani bila furushi la vidonge, na kuthubutu huko kunataka ujuzi kuliko kuandika dawa. Kinachonitia wasiwasi katika hadithi yako ni ile sindano ya duka la dawa. Nitaifikia.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita daivatikulitisi. Utumbo mpana una ukuta wa misuli, na mishipa ya damu huupenya ukuta huo ili kulisha utando wa ndani. Kila panapopita mshipa pana upenyo mdogo, hivyo ukiutazama kwa karibu ukuta huo umetobolewa kama kofia ya vito. Miaka ikisonga, shinikizo la ndani husukuma utando ukatokeza nje kupitia vitobo hivyo na kufanya vifuko, vingi vyao havifiki hata sentimita 1. Mara nyingi huwa upande wa kushoto chini, pale utumbo unapojipinda kabla ya kufika njia ya haja kubwa, kwa kuwa hapo ndipo shinikizo huwa kali zaidi.

Kuwa na vifuko si ugonjwa. Wengi huzeeka navyo wakafa navyo bila kujua, na katika kila watu 100 wenye vifuko, hawafiki 5 ambao kimoja kitakuja kuvimba. Kikivimba ndipo hupatikana hayo uliyoyapata wewe.

Tulipokuwa wanafunzi tuliambiwa ugonjwa huu si wa kwetu. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ayalandi aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi katikati ya miaka ya 1960, aliuona kwa nadra mno, na mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter wakaandika kwamba ni ugonjwa wa nchi za Magharibi unaoletwa na upungufu wa nyuzinyuzi kwenye chakula. Hoja hiyo haikubaki nzima. Utafiti wa baadaye umetia shaka kama nyuzinyuzi huzuia vifuko visitokee, ingawa umeonyesha kwamba wanaozila kwa wingi hawavimbi mara nyingi kama wengine. Urithi nao una fungu lake kubwa. Lakini ukipita barabara ya madukani Lamu ukahesabu chipsi, boflo, soda na maandazi, huwezi kusema tena kwamba sisi tunakula kama alivyotukuta Burkitt. Na mashine za CT nazo zimesogea karibu, kwa hiyo yaliyokuwa yakiitwa mchango au ngiri sasa yanaonekana kwa macho.

Utayatambuaje maumivu haya, yasichanganywe na mengine? Huwa chini kushoto, hukaa mahali pamoja, na hayaji yakaenda kama msokoto wa riahi. Huendelea kwa siku kadhaa. Hufuatana na homa ndogo, kichefuchefu, tumbo kujaa, na choo kubadilika: wengine huyabisika, wengine huharisha kidogo. Kutapika sana si kawaida yake, wala damu nyingi chooni. Vifuko vinaweza kutoa damu, lakini mara nyingi hutoa bila maumivu na bila uvimbe, na damu nyingi ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Wagonjwa wanaotoka visiwani huwa nawauliza swali moja kabla sijawagusa: boti ilipokuwa ikipiga mawimbi pale mkondoni, tumbo lilifanyaje? Mwenye msokoto wa kawaida hukunja uso, hajui hata naulizia nini. Mwenye uvimbe unaogusa utando wa nje wa tumbo hujibu upesi: kila boti ilipodunda alijishika, akamwomba nahodha apunguze mwendo. Nyumbani unaweza kujaribu vivyo hivyo. Simama kwa ncha za vidole vya miguu kisha jiachie uangukie visigino, au kohoa kwa nguvu. Maumivu yakichoma mahali pamoja, basi kuna kitu kimevimba ndani. Nini hasa, hilo kisigino hakisemi.

Kwa maana maradhi mengi hukaa mtaa huo mmoja. Mawe ya figo huteremka kutoka kiunoni hadi kinenani na humfanya mtu ahangaike asipate pa kukaa, ilhali mwenye uvimbe wa utumbo hutaka kulala kimya asiguswe. Maambukizi ya mkojo huleta mwasho na kwenda haja ndogo kila mara. Amiba huleta choo chenye makamasi na damu. Ngiri iliyonasa huonekana kama uvimbe kinenani, na hiyo haingoji kesho. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi lazima kwanza itolewe shaka ya mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi, kwa sababu hiyo huua. Na saratani ya utumbo inaweza kujivika nguo hizihizi, jambo nitakalolirudia. Ndiyo maana mkono wa daktari peke yake hautoshi. Damu hupimwa seli nyeupe na kile kipimo cha uvimbe kiitwacho CRP, mkojo huangaliwa, na CT ndiyo inayokata shauri. Altrasaundi nayo husaidia ikiwa anayeishika ni mzoefu.

Neno "dogo" ulilotajiwa lina maana maalumu. Ni kwamba picha ilionyesha ukuta wa utumbo umevimba na mafuta yanayouzunguka yamevimba kidogo, lakini hakuna jipu la usaha, hakuna hewa iliyovuja nje ya utumbo, hakuna kuziba, wala hakuna njia iliyofunguka kwenda kwenye kibofu. Wengi wanaopata daivatikulitisi wako katika kundi hili.

Sasa antibiotiki, au antibayotiki kama ulivyoandika. Kwa miaka mingi kila mgonjwa wa namna yako alipewa, na mimi nilifundishwa hivyo. Kisha Uswidi na Aislandi wakawachukua wagonjwa 623 waliothibitishwa kwa CT kuwa na ugonjwa mdogo, nusu wakapewa dawa na nusu wasipewe. Matokeo yalitoka mwaka 2012: waliopewa hawakupona haraka zaidi, wala hawakuepuka madhara kuliko wenzao. Waholanzi wakarudia kwa wagonjwa 528, na mwaka 2017 wakatoa jibu lilelile. Kundi lisilopewa dawa lilichukua kama siku 14 kupona kabisa, lililopewa kama 12, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Tangu hapo miongozo ya Marekani na Uingereza inasema mwenye ugonjwa mdogo, mwili wake ukiwa na nguvu, anaweza kutibiwa bila dawa hizo. Inaelekea uvimbe huu mwanzoni si vita vya vijidudu kama tulivyodhani.

Lakini niwe mwadilifu kwa madaktari wetu. Wagonjwa wote hao walipigwa CT. Daktari aliye Faza au Kizingitini, mbele yake mama mwenye homa na maumivu, hana picha wala kipimo, akiamua kutoa antibayotiki huku akipanga safari ya kumpeleka mbele, mimi simlaumu. Na wako wanaozihitaji hata picha ikionyesha ugonjwa mdogo: mjamzito, mwenye kinga dhaifu, anayetumia dawa za steroidi au za saratani, mgonjwa wa figo, aliye dhoofu kwa uzee, ambaye CRP yake imepanda kupita 140, au ambaye dalili zimepita siku tano bila kulegea. Mwenye sukari isiyotulia namtia humo pia. Ikiwa wewe ni mmoja wao na hukumwambia daktari, mpigie simu leo.

Flagyl peke yake, kama ulivyopewa dukani, hata mahali panapohitaji antibayotiki haitoshi. Hupiga aina moja tu ya vijidudu, na utumbo una jamii nyingi. Pwani yetu Flagyl imekuwa dawa ya kila tumbo, na matokeo yake ni kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni na ugonjwa uliocheleweshwa kujulikana.

Nije kwenye sindano. Hukuitaja jina, lakini sindano ya maumivu inayodungwa madukani kwetu ni diklofenaki karibu kila mara. Jamii hii ya dawa, pamoja na Brufen, hudhoofisha kinga ya utando wa utumbo, na imehusishwa na vifuko kuvimba na kutoboka. Kuna ubaya wa pili ambao nauona mkubwa zaidi kwa mtu wa kisiwani: huzima maumivu na homa kwa saa kadhaa, ukajiona mzima, boti ya mchana ikaondoka bila wewe, na usiku hali ikageuka. Sindano moja haikukuangamiza, usije ukakosa usingizi. Ila kuanzia sasa ukiumwa kichwa, meno au magoti, sema mapema kwamba diklofenaki na Brufen hutaki. Ikiwa una aspirini ya moyo uliyoandikiwa na daktari, hiyo usiiache kwa hiari yako, kamuulize aliyekuandikia. Tramadoli na kodeini nazo hazifai hapa, hulaza utumbo ukayabisika.

Panadol ndiyo iliyobaki, na si dawa ya dharau. Mtu mzima mwenye uzito unaozidi kilo 50 na ini lisilo na ugonjwa humeza vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Ikiwa panadol kwa kipimo hicho haitulizi maumivu, hiyo yenyewe ni habari: huenda ugonjwa si mdogo tena.

Na kukandwa, mama, tafadhali basi. Najua mikono ya Lamu kwa mafuta ya nazi inavyostarehesha, lakini tumbo lenye kifuko kilichovimba halifinywi. Vilevile sanamaki, mafuta ya mbarika na bomba la kuosha tumbo viwekwe kando hadi upone, hata kama choo kimegoma siku mbili tatu.

Chakula. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa hutumia vitu vya majimaji: maji, chai ya rangi, madafu, supu ya kuku au ya samaki iliyochujwa. Ushahidi wa kufanya hivi si mzito. Ni kwa kuwa tumbo lenyewe halitaki kitu, na mtu akijilazimisha hutapika. Maumivu yakianza kulegea, ongeza uji wa mchele, wali laini usio na tui zito, samaki wa kuchemsha, yai, ndizi mbivu. Wewe umeshavuka hapo. Kwa majuma mawili na maumivu yaliyopungua, kuogopa kula ndiko kunakoweza kukudhuru sasa, kwa sababu choo kitakuwa kigumu na shinikizo litarudi palepale.

Kwa hiyo anza nyuzinyuzi, polepole, zisikujaze riahi. Lengo la baadaye ni kama gramu 25 hadi 30 kwa siku. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina gramu kama 11, kunde vivyo hivyo, ilhali kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu 1. Mbaazi za nazi basi zisiwe kitoweo cha kuchovya hamri tu, ziwe ndio chakula, na hamri ndiyo iwe kidogo. Mchicha, mnavu, bamia, kisamvu, viazi vitamu, mkate wa mofa wa mtama au mawele, vyote vimo. Ongeza kimoja juma hili, kingine juma lijalo, na maji mengi juu yake, maana nyuzinyuzi bila maji huyabisisha. Nyama nyekundu ipungue, hasa kwa wanaume wa pwani wanaokesha kwenye mishkaki. Samaki na kuku hawana neno.

Hofu ya mbegu ni ya zamani na hata madaktari waliieneza: ilidhaniwa kwamba njugu au mbegu ya pera itaingia kwenye kifuko ikwame. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanaume zaidi ya 47,000 waliofuatwa miaka 18. Waliokula njugu na bisi kwa wingi hawakupata ugonjwa huu zaidi ya wengine; walipata kwa uchache. Ulikuwa uchunguzi wa wanaume, kweli, lakini sijaona sababu ya utumbo wa mwanamke kuogopa ufuta. Kula mapera yako. Pera ni miongoni mwa matunda yetu yenye nyuzinyuzi nyingi kabisa, na embe la Lamu likija sikunyimi.

Kutembea kunasaidia pia, na uzito mkubwa na sigara vinadhuru. Mji usio na magari ulikuwa ukiwatembeza watu wake bila wao kujua. Siku hizi pikipiki zimeingia, na naona vijana wanapanda kutoka Langoni hadi Mkomani! Wewe tembea.

Sasa hili ulisome na wanao wakiwepo, kwa sababu mara nyingi wao ndio watakaoamua. Mnaondoka kwenda hospitali, si duka la dawa, ukipata homa ya 38 au zaidi yenye kutetemeka, maumivu yakitoka kushoto yakaenea tumbo zima, tumbo likikakamaa usitake hata shuka ikuguse, ukitapika kila unachokunywa, tumbo likivimba na choo na riahi vyote vikakatika, ukitoka damu, ukizimia, au mkojo ukitoka na mapovu ya hewa au harufu ya choo. Na hata bila moja kati ya hayo, ukipata tena shambulizi na siku mbili au tatu zikapita bila nafuu yoyote, nenda. Kwa mtu wa Nairobi ningesema "subiri uone mpaka usiku." Kwenu sisemi hivyo. Anayekaa Langoni ana hospitali ya kaunti pale mjini, aanzie hapo ili hali ipimwe na rufaa ipangwe. Jamaa zenu wa Siyu na Faza wana mkondo wa Mkanda wa kupita, na maji yakipwa boti hungoja. Msimu wa kusi bahari nayo ina maoni yake. Kwa hiyo uamuzi ufanywe alasiri, mgonjwa akiwa bado anatembea, hata kama mtarudi mkiambiwa si kitu. Thamometa ya shilingi chache nyumbani na kijidaftari cha kuandika joto asubuhi na jioni vitawasaidia kuona linakoelekea kabla ya kupigwa na giza.

Ramadhani: wakati wa shambulizi usifunge, kwa upande wa tiba sina shaka, maana unahitaji kunywa mchana kutwa. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na kuhusu hukumu yake muulize shekhe wako, hiyo si kazi yangu. Ukishapona, vifuko peke yake havikuzuii kufunga. Ninachokiogopa ni futari yenyewe: sambusa, viazi karai, kaimati, tambi, mkate wa sinia, na glasi mbili za maji kisha usingizi. Gawa maji kuanzia magharibi hadi daku, kunde au mbaazi ziwepo kila usiku, na daku usiiruke.

Kuhusu kurudi kwa ugonjwa: katika watu 12 waliopata kama wewe, mmoja hivi hurudiwa ndani ya mwaka, na kwa miaka kumi ni kama mmoja katika watano. Zamani aliyeshikwa mara mbili alishauriwa akatwe kipande cha utumbo. Siku hizi hatuhesabu hivyo, na upasuaji huamuliwa kwa hali ya mtu. Wala usidhani kila linalofuata huwa baya zaidi. Kutoboka hutokea zaidi kwenye shambulizi la kwanza, nalo limeshapita.

Limebaki moja ambalo hukuuliza na huenda hukuambiwa. Ikiwa hujawahi kupigwa kolonoskopi, yaani kuingizwa kamera ya kutazama ndani ya utumbo mpana, miaka ya karibuni, panga upigwe majuma sita hadi nane tangu shambulizi. Si mapema zaidi, kwa sababu utumbo uliovimba unaweza kutobolewa na ile kamera. Sababu ni ile saratani niliyoitaja: kwenye CT, ukuta mnene wa uvimbe na ukuta mnene wa saratani mara nyingine hufanana, na kwa umri wako wa miaka 56 sipendi kubahatisha. Kama umepungua uzito bila kutaka, una upungufu wa damu, au katika ukoo wenu kuna aliyeugua saratani ya utumbo, usiache jambo hili lipite. Kipimo hicho utakipata Mombasa. Jioni ya kuamkia kipimo utanywa dawa ya kusafisha tumbo na utakuwa chooni usiku mzima, kwa hiyo ukeshe kwa jamaa huko Mombasa, usijaribu kuinywa Lamu kisha ukapanda boti. Nenda na ripoti ya CT pamoja na ile CD yake, si karatasi ya risiti, ili atakayeingiza kamera ajue mapema ni wapi hasa pa kutazama.